Maswali ya Wasomaji: Kimeng'enya cha Jani la Muhogo Hujuaje Pa Kwenda?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Muheza. Nyumbani kwetu kisamvu hutwangwa kwanza ndipo kichemshwe. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha tano, ananiambia kwamba jani zima la muhogo halina sianidi iliyo huru, ila sumu hiyo huzaliwa pale mchi unapolivunja jani, kwa sababu malighafi yake imewekwa chumba kimoja cha seli na kimeng'enya kinachoivunja kimewekwa kingine. Hapo nimemwelewa. Nilipomuuliza ni nani anayekipeleka kimeng'enya hicho kwenye chumba chake na kukizuia kisiingie kile kingine, alinyamaza, kisha akasema niwaulize ninyi. (Msomaji, Muheza)

JIBU: Ndugu msomaji, binti yako amekueleza sawasawa, na swali lililomshinda ni lile lile lililowashughulisha wataalamu wa seli kwa miaka mingi.

Tuanze na jani lenyewe. Malighafi anayoisema inaitwa linamarini, nayo ni glukosi iliyofungamana na kipande chenye sianidi ndani yake. Muhogo huihifadhi katika vakuoli, yaani ule mfuko wa maji unaojaza sehemu kubwa ya seli ya mmea. Kimeng'enya cha kuivunja, yaani kichocheo cha badiliko hilo la kikemia, kinaitwa linamarasi, na makao yake ni nje ya seli, katika ukuta wake, na vilevile katika utomvu mweupe unaochuruzika ukilikata jani. Kinachovitenganisha viwili hivi ni utando wa vakuoli, tabaka jembamba la saitoplazimu (ute wa seli ulio nje ya vakuoli) na utando wa seli. Umbali huo ni mdogo mno, maana hata seli nzima za jani ukizipanga 20 hivi kwa mstari utapata kama milimita moja tu, na bado jani likiwa zima havikutani. Mchi ukishuka kinuni, kuta zinapasuka, vakuoli zinamwaga maji yake, majani yanalegea na kugeuka rojo la kijani lililoloa, na katika rojo hilo linamarasi inaifikia linamarini kwa mara ya kwanza. Glukosi inakatwa, na kipande kinachobaki kinaachia sianidi, ambayo hupaa upesi kwa kuwa huchemka katika nyuzi joto 26 hivi za Selsiasi. Meno ya mdudu au ya mbuzi hufanya kazi ile ile ya mchi, na hapo ndipo ulipo ulinzi wa mmea.

Sasa, nani anayekielekeza kimeng'enya? Anwani imeandikwa katika mwili wa kimeng'enya chenyewe. Kila kimeng'enya cha aina hii ni protini, na kila protini ni mnyororo wa vijenzi viitwavyo asidi amino, unaofumwa na ribosomu (viwanda vidogo vya protini vya seli) kwa kufuata maagizo ya jeni. Sehemu fulani ya mnyororo huo, mara nyingi ile inayotangulia kutoka, haina kazi yoyote katika kuvunja au kujenga kemikali; ipo ili isomwe na walinzi wa milango ya seli. Wazo hili lilipendekezwa mwaka 1971 na Günter Blobel na David Sabatini huko New York, wakati ambapo halikuwa bado na ushahidi wa kutosha, na majaribio ya miaka iliyofuata yakalithibitisha hatua kwa hatua hadi Blobel akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1999.

Ifuate linamarasi moja inapozaliwa. Ncha ya mnyororo ikianza kuchomoza kutoka kwenye ribosomu, huwa na asidi amino zipatazo ishirini na kitu, nyingi zikiwa za aina isiyopatana na maji. Chembe maalumu inayozunguka katika saitoplazimu huitambua ncha hiyo, huishika, na kuikokota ribosomu yote hadi kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu, ambao ni mtandao wa mifereji na vifuko ndani ya seli. Mnyororo hupenyezwa kwenye tundu la utando huo huku ukiendelea kufumwa, kama uzi unaopita katika tundu la sindano, na kimeng'enya kingine huikata ncha ile mara tu kazi yake inapokwisha. Protini hubandikwa sukari, hukunjwa ikapata umbo lake, husafirishwa katika vifuko hadi Golgi, kituo cha kupangia na kutuma mizigo ya seli, na kutoka huko hupelekwa nje ya seli.

Hapa ndipo swali lako la pili linapojibiwa, lile la kuzuiwa kisiingie chumba kingine. Protini zinazokwenda katika vakuoli hupita njia hiyo hiyo ya retikulamu na Golgi. Tofauti ni kwamba zinahitaji anwani ya ziada, na isiyokuwa nayo wala haina alama ya kuibakiza njiani huishia nje, ukutani. Jambo hili lilionekana vizuri katika sporamini, protini inayohifadhiwa kwa wingi katika vakuoli za kiazi kitamu. Karibu na mwanzo wa sporamini kuna asidi amino nne zinazofuatana, ambazo ni asparajini, prolini, isolusini na arijinini. Watafiti walipoiondoa sehemu yenye anwani hiyo, sporamini haikupotea wala haikuharibika. Ilitolewa nje ya seli. Kwa hiyo linamarasi haihitaji mlinzi wa kuizuia isiingie katika vakuoli. Inatosha kwamba haibebi anwani ya huko.

Kloroplasti, yaani vifuko vya kijani vya usanisinuru ndani ya seli, zina utaratibu mwingine kabisa, na mimi hupenda kuutolea mfano wa rubisko, kimeng'enya kinachoinasa kabonidioksidi katika usanisinuru. Rubisko hujengwa kwa vipande 16, yaani vikubwa vinane na vidogo vinane. Vipande vikubwa hutengenezwa ndani ya kloroplasti, kwa jeni za kloroplasti yenyewe. Vidogo hutengenezwa nje, katika saitoplazimu, kwa jeni zilizo katika kiini cha seli, kisha huingizwa vikakutane na wenzao. Wala rubisko si ya pekee katika hili: kloroplasti ya mmea wa maua ina jeni za protini zipatazo 80 tu, ilhali inahitaji protini elfu mbili hadi tatu, hivyo karibu zote huagizwa kutoka nje. Anwani ya kloroplasti hukaa mwanzoni mwa mnyororo, ina asidi amino makumi kadhaa, na imejaa serini na threonini. Protini hufumwa ikaisha kwanza, huachwa bila kukunjwa, hutambuliwa na vipokezi vya utando wa nje, huvutwa kupita tando mbili, na ndani yake anwani hukatwa.

Ushahidi uliowashawishi wengi ulipatikana mwaka 1985. Watafiti walichukua anwani ya kile kipande kidogo cha rubisko, wakaiunganisha na kimeng'enya cha bakteria kinachoondoa nguvu ya dawa ya kanamisini, kisha wakaweka jeni hiyo ya kuungwa katika tumbaku. Kimeng'enya kile hakikuwahi kuwa na uhusiano wowote na kloroplasti, lakini kiliingia ndani yake, na anwani ikakatwa kama kawaida. Hakuna njia iliyo wazi zaidi ya hiyo ya kuonyesha kwamba mlango unasoma anwani na haujali mzigo ni wa nani.

Mitokondria, zinazoipatia seli nishati, nazo husoma anwani ya mwanzoni, ila ya kwao hujisokota, upande mmoja ukiwa na chaji chanya na mwingine usiopatana na maji. Peroksisomu, vile vifuko vidogo vya duara, mara nyingi husoma mkiani: asidi amino tatu za mwisho, serini, lisini na lusini, zinatosha. Jambo hilo liligunduliwa miaka ya 1980 kwa msaada wa kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake, kwa sababu hata kikitiwa katika seli ya mnyama mwingine au ya mmea huenda moja kwa moja kwenye peroksisomu. Tena peroksisomu hukubali protini iliyokwisha kukunjwa, jambo ambalo milango mikuu ya kloroplasti na mitokondria hailiruhusu. Kuna sababu ya kuvifungia vimeng'enya fulani humo. Kile kinachooksidisha asidi ya glaikoliki, kwa mfano, huzalisha haidrojeni peroksaidi, ambayo ingeunguza sehemu nyingine za seli, lakini katika kifuko hicho hicho kuna katalasi inayoigeuza papo hapo kuwa maji na oksijeni.

SWALI: Ninafundisha baiolojia sekondari. Wanafunzi wangu wameuliza mambo mawili. Je, kimeng'enya kikipelekwa pasipo pake lakini kikiwa kizima, kuna madhara gani? Na kama kinahitajika katika oganeli (vyumba vya seli) mbili, seli hufanyaje? (Mwalimu, Kakamega)

JIBU: Mwalimu, kwa swali la kwanza mfano ulio wazi zaidi ninaoujua unatoka kwa binadamu. Kuna kimeng'enya cha ini ambacho makao yake ni peroksisomu. Baadhi ya watu huzaliwa na mabadiliko madogo ya jeni yanayokifanya kipelekwe kwenye mitokondria. Huko kinaweza kufanya kazi, lakini kiko mbali na kemikali kinayopaswa kuigeuza, hivyo oksaleti hulundikana mwilini, mawe hujengeka katika figo na hatimaye figo hushindwa. Waeleze wanafunzi wako kwamba mgonjwa huyo hakukosa kimeng'enya.

Kwa swali la pili, wakati mwingine seli huwa na jeni mbili, kila moja na anwani yake. Wakati mwingine jeni ni moja, na anwani yake inasomeka katika milango miwili. Kimeng'enya cha njegere kiitwacho glutathioni reduktasi ni cha namna hiyo: mnyororo huo huo huingia katika kloroplasti na katika mitokondria, kwa sababu anwani yake ina sifa zinazokubalika na vipokezi vya pande zote mbili.

Ukitaka kuwaonyesha kwamba elimu hii ina matumizi, wasimulie kuhusu mchele wa dhahabu, uliotangazwa mwaka 2000 na Ingo Potrykus na Peter Beyer. Walitaka punje ijitengenezee beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kimoja cha vimeng'enya walivyohitaji kilitoka kwa bakteria, na bakteria hawana plastidi, yaani jamii ya vifuko ambamo kloroplasti zimo, kwa hiyo hakikuwa na anwani ya kwenda huko, ilhali malighafi ya kazi yake imo ndani ya plastidi za punje. Wakakibandika anwani ya kipande kidogo cha rubisko kutoka njegere. Kipande kile kile cha mnyororo kinachofanya kazi kila siku katika jani la njegere kikakifikisha kimeng'enya cha bakteria ndani ya punje ya mpunga.

SWALI: Je, nikichemsha majani ya muhogo yakiwa mazima, sumu haitaisha kwa moto? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Usifanye hivyo. Maji yanayochemka huiharibu linamarasi kabla haijaifikia linamarini, na linamarini yenyewe huustahimili moto wa kuchemsha, kwa hiyo sehemu yake inaweza kubaki katika mboga. Twanga kwanza hadi majani yalainike, yaache kidogo kinuni ili kimeng'enya kifanye kazi yake, kisha chemsha katika chungu kisichofunikwa, mahali penye hewa ya kutosha. Mizizi ya mihogo michungu inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kimeng'enya cha pili kinachoharakisha kuachiwa kwa sianidi kimo kwa wingi katika majani na ni haba sana katika mizizi. Ndiyo maana mizizi hiyo hulowekwa siku kadhaa hadi ilainike na kuchacha, na maji ya kulowekea humwagwa, kabla ya kuianika iwe makopa.