Barua kwa mwanangu: Imani uliyoipokea kwa watu

Malindi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Unasema kila ulicho nacho cha imani umekipata kwa watu: sala nyumbani, amri kumi shule ya Jumapili, na sasa kikundi cha maombi kilichokupokea huko Nakuru ndicho kinachokwambia ufunge lini na utoe kiasi gani. Unauliza, ya kwako mwenyewe ni ipi?

Kwanza usione haya kwa kupokea. Paulo alipomwandikia Timotheo alimtajia kwa majina bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kwamba imani ile ilikaa kwao kabla ya kufika kwake. Warumi 10 nayo inasema imani huja kwa kusikia, na mtu atasikiaje pasipo mhubiri? Kwa hiyo usijisumbue kutafuta imani ambayo hakuna mtu aliyeigusa. Haipo. Angalia jinsi unavyowaegemea waliokupa.

Msome mfalme Yoashi, 2 Mambo ya Nyakati 24, taratibu. Alitawazwa ana miaka 7, akaongozwa na kuhani Yehoyada, akafanya mema siku zote za kuhani huyo. Alitengeneza hekalu, akaagiza sanduku la matoleo liwekwe langoni. Yehoyada akafa ana miaka 130. Sasa tazama mstari wa 17, ambao wengi huupita mbio: wakuu wa Yuda wakaja, wakamsujudia mfalme, naye akawasikiliza. Hatuelezwi hoja yoyote waliyoileta. Walimwinamia, basi. Mtu aliyezoea kuongozwa akapata wa kumwongoza wengine, na baadaye akaamuru Zekaria, mwana wa yule yule Yehoyada, apigwe mawe uani mwa nyumba ya Bwana. Mema yote ya miaka ile yalikuwa yamesimama juu ya mzee mmoja, na mzee alipoondoka hapakubaki kitu chini yake. Mimi naona hii ndiyo hatari kubwa ya mtoto aliyelelewa vizuri, na ndiyo maana nakuandikia wewe.

Wala usidhani ni udhaifu wa watoto. Petro mwenyewe, kule Antiokia, alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Walipofika wageni wa Kiyahudi kutoka kwa Yakobo akaanza kurudi nyuma, akajitenga, hata Barnaba akavutwa naye (Wagalatia 2). Sisi wa pwani tunaokula katika sinia moja tunajua uzito wa mtu kunyanyuka pale. Mtu hubadilishwa na macho ya wenzake kabla hajahubiriwa lolote.

Kesha nalo lina nguvu yake. Tangu saa tatu usiku mpaka alfajiri, kinanda kinapigwa polepole, mwili umechoka, wote wamesimama na wewe peke yako umeketi. Ikifika saa tisa mtu hukubali lolote. Machozi ya saa ile yaweza kuwa ya kweli kabisa. Lakini ahadi ya pesa, ya ndoa, ya kuacha kazi au kuacha dawa, usiitoe usiku huo. Lala, ule, ngoja siku tatu, kisha liangalie jambo lile saa nne asubuhi. Lililotoka kwa Mungu utalikuta.

Sasa ule mstari wa Malaki 3 uliotumiwa na kiongozi wenu, kwamba ukipunguza fungu la kumi umejiletea laana. Mimi si mpinzani wa fungu la kumi. Ila chukua daftari, uketi nusu saa, usome Malaki chote. Ni sura nne tu. Andika kila anayekemewa. Utakuta sura ya kwanza inawashika makuhani kwa kupokea wanyama vipofu na vilema madhabahuni, na ya pili inaanza kwa kuwaambia makuhani kwamba amri hii yawahusu wao. Halafu sura ya 3 yenyewe, mstari wa 5, kabla tu ya habari za zaka, Mungu anawashitaki wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Anayekusomea mstari wa 9 na 10 mwombe, kwa adabu, akusomee na wa 5. Ukishauliza, tulia umtazame. Mchungaji wa kweli atafungua Biblia mwende pamoja, pengine aseme, "hilo sikuliona." Akikwambia swali lako ni roho ya uasi, umeshapata jibu. Watu wa Beroya walichunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ndivyo yalivyo, na Matendo 17 inawaita waungwana kwa hilo.

Hapa Malindi hatuwezi kulisema jambo hili kijuujuu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa. Hawakuanza na kaburi. Kwanza ilikataliwa shule, na hospitali, na ndugu wa damu wakawa maadui. Ukiona kikundi kinakupunguzia watu wa kuwauliza, ondoka wakati bado unao wa kuwapigia simu. Na kufunga kwako kuwe kwa mlo mmoja au miwili, maji unywe, dawa usiache. Na chakula ulichokiacha mpe mwenye njaa, kama Isaya 58 inavyotaka.

Halafu fanya hivi: waage kwa heshima, ukae wiki tatu bila kwenda kikundini. Jumapili nenda kanisani kama kawaida. Tazama kama watakuja kukujulia hali au kukutisha. Tazama pia, na hili ni zito zaidi, kama utaendelea kusali ukiwa chumbani peke yako, hakuna atakayekuuliza kesho. Ukisali mara mbili tu kwa wiki, andika mara mbili. Usijihukumu, andika tu. Hapo ndipo utakapoiona ya kwako ilipofikia.

Desemba ukishuka, lete hilo daftari. Na hao wenzako wa kikundi wasalimie sana.

Mama yako