Ed.D. au Ph.D. kwa aliye kazini?
Umeuliza uchague ipi kati ya Ed.D. (shahada ya uzamivu ya elimu, inayolenga kazi) na Ph.D. (shahada ya uzamivu inayolenga utafiti) ya uongozi wa elimu na taasisi huku ukiendelea na kazi. Kama unalenga kuongoza shule, chuo au idara, chukua Ed.D.; ukitaka kutafiti na kufundisha chuo kikuu, Ph.D. ina uzito zaidi. Ila kinachokwamisha watu hasa ni tasnifu, yaani utafiti mrefu unaoandikwa kumalizia shahada. Wengi humaliza kozi zote kisha wanakwama hapo, mara nyingi kwa kuwa mada ni pana mno. "Uongozi na ufaulu" haitafitiki. "Jinsi wakuu wa shule wanavyowasaidia walimu wapya mwaka wa kwanza" inatafitika. Mada ya namna hiyo itafute tangu muhula wa kwanza, na kazi za kozi uzielekeze huko.

Tafadhali sana, ukitafiti mahali pako pa kazi usiwahoji walio chini yako. Hawako huru kukataa, na kamati ya maadili ya utafiti huenda ikakurudishia pendekezo lako la utafiti. Mtu mwingine awahoji, au nenda tawi jingine. Data iliyokusanywa kabla ya kibali cha kamati hiyo kwa kawaida haikubaliki. Na kabla hujalipa ada, uliza kila msimamizi wa tasnifu ana wanafunzi wangapi.