Huo ubao wa mninga usiufanye mraba

Mwanangu,

Salamu kutoka Isevya, hapa Tabora, huku sote wazima. Umeniuliza kama huo ubao wa meza wenye ufa na ukingo uliopinda uukate uwe mraba au uuache na umbo lake, maana unaogopa majirani watamwambia mteja kauziwa meza mbovu.

Uache na umbo lake, mama. Ila ile sehemu nyeupe chini ya ganda itoe yote. Kwenye mninga, wadudu huanzia hapo. Mteja atakuta unga sakafuni kabla hajamaliza kukulipa. Hizo picha za meza za Marekani ulizonitumia zina weupe huo kwa urembo, lakini mbao zao nyingi zimepita tanuruni, yako imekaushwa kivulini. Tafuta pale wekundu unapoanzia, ufuate mstari huo kwa patasi na tupa, taratibu, unaingia na kutoka kama mti wenyewe ulivyokua. Halafu msasa.

Ufa nao usiuzibe kwa gundi na vumbi la mbao, hiyo ni kazi ya kuficha. Alikuwepo Mmarekani mmoja wa asili ya Japani, George Nakashima, aliyesomea usanifu majengo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali yake ilimweka kambini Minidoka, jimbo la Idaho, kwa sababu ya asili yake tu, na humo fundi Gentaro Hikogawa akamfundisha useremala wa Kijapani. Baadaye meza zake aliziacha na nyufa zake, akazibana kwa vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo, vinaonekana waziwazi. Nawe fanya hivyo, ila angalia nyuzi za mbao ya kipepeo zikatize ufa. Zikienda sambamba na ufa, kitakatikia kiunoni.

Kuhusu hilo swali lako la chuo, kama hii ni fanicha au sanaa: kiko kigoda cha enzi cha Wanyamwezi, kilitoka hapa hapa Unyanyembe, sasa kimo makumbusho ya Berlin. Kina miguu mitatu na umbo la mtu limechongwa kwenye egemeo. Wazungu wanakitazama nyuma ya kioo, lakini kilitengenezwa kikaliwe. Kwa hiyo meza yako ikiyumba chai ikamwagika, usijitetee kwa sanaa.

Miguu usiigongomelee misumari. Tumia skrubu, na matundu yake yarefushe kidogo kuelekea upana wa ubao, kwa sababu mvua zikianza mbao itatanuka na kiangazi itarudi. Ukiibana kabisa, utapata ufa wa pili, na huo hautakuwa wa mti, utakuwa wako.

Bei usitaje kwa simu. Mwite aje aipapase kwanza.

Baba yako