Binti akivunja ungo, kitambaa si aibu

Kina mama wengi huniuliza wamnunulie binti pedi za dukani au wamshonee za kufua. Nimetumia zote mbili, na nimelea mabinti kwa zote mbili. Jibu langu ni kwamba kitambaa safi hakina ubaya wowote. Kilichotuumiza zamani ni kukificha kibichi chini ya godoro, kesho yake tukakivaa tena na unyevu wake.

Hata pedi ya dukani asili yake haikuwa hedhi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ilitengeneza bandeji za majeruhi kwa nyuzi za miti. Wauguzi wakaona zinanyonya damu vizuri, wakazitumia siku zao. Vita vilipokwisha, malighafi ile ile ikatengenezewa pedi, zikaingia sokoni mwaka 1920 kwa jina la Kotex. Zilivaliwa kwa mkanda kiunoni. Za gundi zilikuja kuenea miaka ya 1970. Na kikombe cha hedhi, kile kinachovaliwa ndani kukinga damu, ambacho mabinti wanakiona kitu cha juzi, Mmarekani Leona Chalmers alikipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, mwaka 1937.

Bei nayo haitabiriki. Tanzania iliondoa VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, mwaka uliofuata ikairudisha. Kwa hiyo binti ajue njia zaidi ya moja.

Ukishona, chukua kanga ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika, ikunje tabaka kadhaa, weka kifungo cha kubania kwenye chupi. Loweka kwa maji baridi kwanza. Ya moto hugandisha damu kwenye uzi, doa lisitoke tena. Kisha sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani. Juani kabisa, si nyuma ya pazia! Baba na kaka zake wakikiona kambani, wakione.

Iwe pedi au kitambaa, abadilishe kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama damu ni kidogo. Akiwashwa au akisikia harufu asiyoizoea, mpeleke zahanati, usimpe dawa ya kubahatisha.

Kama anakwenda shule ya bweni, nenda kwanza ukaone maji yanatoka wapi na kamba ya kuanikia iko wapi. Zisipokuwepo, mfungashie za dukani za muhula mzima.