Konokono 400 kutoka fuo mbili si sampuli 400

Swali: Hujambo Daktari? Nimelelewa Dunga, Kisumu, na tangu utotoni nilikuwa nikiokota konokono ziwani. Sasa nafundisha baiolojia sekondari, nataka kusoma uzamili kisha uzamifu ili niwe mhadhiri na mtafiti. Nachunguza kama magugu maji huongeza konokono wa kichocho. Nimeokota 200 Dunga penye magugu, na 200 ufuo mwingine usio na magugu. Kuna jamaa mjini anayechambua data kwa SPSS, programu ya takwimu, na kukuandikia sura ya nne, ile ya matokeo. Nimpe sasa, au nitafute chuo kwanza?

Jibu: Usimpe, Mwalimu. Tafuta chuo na msimamizi. Maseno si mbali nawe. Tetea pendekezo, pata idhini ya kamati ya maadili na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ndipo uingie ziwani. Hao 400 wahesabu kama mazoezi.

Kinachonikera ni hii imani kwamba data hukusanywa kwanza, halafu mtu wa takwimu aitafutie maana. Ulicho nacho ni ufuo mmoja wa kila aina. Hata ungeokota 4,000, bado ni mmoja kwa mmoja, maana konokono wa ufuo mmoja wote wanaishi kwenye matope yale yale na maji taka yale yale, chini ya watu wale wale wanaoosha pikipiki. Ukiona tofauti, utajuaje imeletwa na magugu? SPSS haijui. Itakutolea 0.001, eti tofauti hiyo si ya bahati tu, na wewe utaiamini.

Chagua vituo 12 kwa jozi sita: kimoja penye magugu, mwenzake jirani pasipo nayo. Hapa ndipo utoto wako wa Dunga una faida, kwani unajua maji yanakotulia na mifereji inakomwaga. Rudi kila mwezi kwa mwaka mzima: mtu yule yule, wavu ule ule wa matundu ya milimita 2, dakika 30 kila kituo. Magugu nayo hayakai. Upepo ukigeuka, kituo kilichofunikwa Jumatatu kinakuwa wazi Ijumaa, kwa hiyo andika hali ya magugu kila unapofika. Vaa glavu ndefu na gambuti. Serkaria, vimelea vichanga vinavyotoka kwa konokono, vikiwemo vya kichocho, hupenya ngozi.

Maabara, kila konokono akae peke yake kwenye kichupa cha maji yasiyo na klorini, kwenye mwanga kwa saa tatu au nne, kisha hadubini. Asiyetoa serkaria usimwandike kuwa mzima: huchukua takriban mwezi mmoja au zaidi tangu aambukizwe hadi aanze kuzitoa. Mfuge, umpime tena. Na serkaria kuwa na mkia wenye panda peke yake si ushahidi wa kichocho cha binadamu. Baadhi ni vimelea vya ndege.

Mtaalamu wa takwimu unamhitaji, lakini kabla wavu haujagusa maji. Mpelekee ramani ya vituo na hesabu zako za mazoezi, umwulize kama 12 vinatosha. Akikutajia bei kabla hajauliza unachunguza nini, aga uondoke.

Sasa huyo wa sura ya nne. Hesabu za konokono wa kweli hurukaruka: 0, 0, 3, 0, 87. Mpishi wa data huandika 18, 21, 19, 22, na mtahini aliyewahi kulowa ziwani hung'amua kabla hajamaliza jedwali. Ataomba daftari la uwandani, na jamaa yako hatakuwa chumbani. Njoro, Kakamega, Kisumu, palipo na chuo hawakosekani watu wa aina hii, na mara nyingi ndio hao hao wanaokuunganisha na majarida yanayokubali makala ndani ya siku tatu ukishatuma M-Pesa. Uhakiki wa kweli huchukua wiki, aghalabu miezi, na makala hurudi yamejaa maswali. Ukishachapisha kwa hao wa siku tatu, hata kama data yako ilikuwa safi, jarida la maana halitayapokea makala hayo tena, kwa sababu yameshachapishwa.