Mgahawa wa Mteja Asiyerudi: Namna Ninavyotafuta Chakula Kwenye Miji ya Watalii

Chakula kibaya kwenye mji wa watalii mara nyingi hakitokani na mpishi asiyejua kupika. Mpishi anaweza kuwa fundi kabisa, ila mwenye mgahawa hana sababu ya kumhimiza. Wewe upo leo, kesho unapanda ndege, keshokutwa kiti chako kimekaliwa na mwingine ambaye naye harudi. Uondoke umenuna au unacheka, mauzo yake ni yaleyale. Kodi ya fremu inayotazama bahari au kanisa la kale haipungui kwa sababu supu ilikuwa tamu, basi kinachobanwa ni sahani.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alieleza kwamba mnunuzi asipoweza kulitofautisha gari zima na bovu, hakubali kulipa bei ya gari zima. Wenye magari mazima wanajitoa, na sokoni yanabaki mabovu. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Mtalii aliyesimama mbele ya menyu yuko palepale alipo yule mnunuzi wa gari, tena ana njaa, miguu inamuuma, na watoto wanalia. Kinacholiokoa soko la chakula ni mteja anayerudi. Kwa hiyo kila ninapofika mji mgeni swali langu ni moja: hawa wanaokula hapa, kesho watakula hapa tena?

Naliona swali hilo ni bora kuliko ule ushauri wa "kula wanapokula wenyeji". Wenyeji nao wanakula ovyo kama watu wengine. Wanakaa mahali kwa sababu kuna mpira kwenye televisheni, au bia ni rahisi, au mwenye duka ni shemeji yao. Na mtu aliyetoka mkoa wa pili kuja kupunga upepo wikiendi anaonekana mwenyeji machoni pako, kumbe mtalii kama wewe. Foleni nayo isikuzuge. Kuna foleni za watu walioona picha kwenye simu, kila mmoja anasubiri apige ileile. Mle ndani harudi mtu.

Dalili za kukimbia nitazitaja haraka kwa sababu wengi mnazijua. Mpiga debe mlangoni ndiyo ya kwanza. Mgahawa unaojaa wateja wake wenyewe haumlipi mtu kuvuta mikono ya wapita njia. Menyu ya plastiki yenye picha zilizopauka kwa jua na lugha sita ni ya pili, ingawa lugha nyingi peke yake si kosa, siku hizi hata mgahawa mzuri unatafsiri. Mimi naangalia zaidi urefu. Jiko dogo lenye watu wawili haliwezi kutoa tambi, pilau, samaki, baga na chakula cha Kichina, vyote kutokana na vitu vibichi, vyote kwa siku moja. Vinatoka kwenye friza. Ukiagiza kitu kinachopaswa kuiva nusu saa kikafika mezani baada ya dakika nne, pembezoni kinaunguza ulimi na katikati ni baridi, hapo maikrowevu imefanya kazi yake.

Nchi nyingine sheria inakusaidia kusoma. Ufaransa tangu 2014 kuna alama ya sufuria iliyofunikwa na paa la nyumba, maana yake chakula kimepikwa hapohapo kutokana na vitu vibichi (vibichi vilivyogandishwa vinaruhusiwa, usidhani vyote vimetoka shambani asubuhi). Italia mgahawa unatakiwa umjulishe mteja kitu kilichogandishwa, ndiyo maana menyu nyingi zina kinyota kidogo pembeni ya pweza na kamba. Tafuta maelezo ya kinyota hicho chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi zinazomtaka mtu avae miwani.

Sasa, wapi wanakula watu wanaorudi kesho? Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Fungua ramani ya mji, achana na vivutio, tafuta hospitali kubwa, mahakama, chuo, ofisi za manispaa, stendi ya mabasi, soko la jumla. Kila sehemu ya namna hiyo ina mamia ya watu wenye saa moja ya kula mchana, wenye mshahara wa kawaida, wanaofanya kazi palepale mwaka mzima. Ukimlisha karani wa mahakama uozo Jumatatu, Jumanne ofisi nzima imekuhama. Mgahawa wa pale hauna ujanja wa kuishi kwa mandhari, kwa sababu mandhari yenyewe ni maegesho ya magari.

Sevilla, kusini mwa Hispania, nilikula nyuma ya majengo ya mahakama. Hispania ina utaratibu wa mlo wa mchana wa bei moja: sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na tunda au kahawa mwishoni. Ubao mweusi ulitundikwa kando ya mlango wa jiko, umeandikwa kwa chaki. Nilifika kama saa nane na nusu mchana. Mama aliyekuwa anahudumu alikuwa na kitambaa kibichi begani, na kila chakula kilipokwisha alikiendea ubaoni akakifuta, bila kumtangazia mtu. Samaki alifutwa nikiwa bado natafsiri jina lake. Wakili wa meza ya jirani, faili limebana chini ya kwapa, alitazama ubao, akaguna, akachukua mchicha na dengu. Na mimi nikachukua mchicha na dengu, umeungwa kwa bizari na kitunguu saumu, mafuta ya zeituni yanaelea juu. Nilisomba ule mchuzi kwa mkate mpaka bakuli likang'aa. Chakula kinachofutwa ubaoni ni chakula kilichopikwa kwa kiasi cha siku hiyo. Ambacho hakiishi kamwe, kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane, kina hadithi nyingine.

Saa ya kula nayo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kila nchi ina saa yake, na ukienda kwa saa ya kwenu utakutana na wenzako watalii tu. Huko Hispania chakula cha usiku kinaanza saa tatu. Mgahawa uliojaa saa kumi na mbili na nusu jioni umejaa wageni, na mgahawa mtupu saa hiyo unaweza kuwa ndio bora mjini. Nawashauri watu mlo mkubwa wauweke mchana. Mchana ndipo wafanyakazi wanapokula, bei iko chini, na jiko halijachoka. Usiku kula kidogo.

Kuhusu kuuliza watu: usiulize "wapi pana chakula kizuri?" Swali hilo linamfanya mtu awe balozi wa mji. Atakupeleka kwenye mgahawa wenye vitambaa vya meza, ambako yeye mwenyewe hajawahi kutia mguu, kwa sababu anataka ujisikie umekirimiwa. Uliza jambo lililotokea: "Jana mchana ulikula wapi?" au "Siku usipopika, unakwenda wapi?" Jibu la hapo linatoka kwenye kumbukumbu, halina heshima za kujionyesha. Na chagua wa kumuuliza. Mapokezi ya hoteli na dereva wa teksi wanaweza kuwa watu wema sana, lakini wengine wana kamisheni kwa kila kichwa wanachopeleka. Mimi napenda kumuuliza kinyozi, fundi cherehani, au muuza mboga sokoni. Muuza mboga ndiye bora kuliko wote. Anajua nani anakuja alfajiri kuchagua nyanya moja moja, na nani anatuma kijana jioni kuchukua zilizobaki kwa bei ya kutupa.

Maoni ya mtandaoni ninayasoma, ila siyaamini kwa idadi ya nyota. Mwaka 2017 kijana mmoja wa Uingereza, Oobah Butler, aliandikisha kibanda cha uani kwake Dulwich, London, kama mgahawa. Hakuna jiko, hakuna meza, hakuna chakula. Aliwaomba rafiki zake waandike sifa, akapiga picha za "vyakula" vilivyotengenezwa kwa povu la kunyolea ndevu, na picha moja ni kisigino chake mwenyewe kilichowekwa kwenye sahani pembeni ya yai. Ilipofika Novemba mwaka huo kibanda kile kilikuwa namba moja London kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, kati ya migahawa zaidi ya 18,000, na simu za kuomba nafasi zinaingia mfululizo.

Ninachofanya ni kumchunguza aliyeandika. Bonyeza jina lake uone kingine alichowahi kutolea maoni. Kama amesifia mgahawa, na pia amemlalamikia daktari wa meno, gereji na ofisi ya posta za mji uleule, huyo ni mkazi, maneno yake yana thamani. Kama ametoa nyota tano kwa migahawa ya nchi nne ndani ya wiki mbili, yuko likizo na moyo wake umefurahi, tusimlaumu, lakini ulimi wake hautusaidii. Halafu tafuta maoni kwa lugha ya mji wenyewe, programu za simu zinatafsiri vya kutosha. Na picha za wateja ni bora kuliko maneno: ukiona sahani ileile iliyopigwa miezi tofauti, utajua kama kipande cha nyama kinazidi kuwa chembamba.

Pesa. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwenye mitaa ya Baixa katikati ya mji, unakaa tu na meza inajaa kabla hujasema neno: mkate, zeituni, jibini kidogo, siagi kwenye vikaratasi. Mgeni anadhani ni ukarimu, anatafuna, bili inakuja na kila kitu kimehesabiwa. Sheria ya Ureno ya mwaka 2015 inasema wazi kwamba kitu ambacho mteja hakuomba hakitozwi, ila ukishakula ubishi wako unakuwa dhaifu. Vilivyoletwa kwangu nilivisogeza ukingoni mwa meza nikasema asante, sihitaji. Mhudumu alivichukua bila kinyongo, akavitua meza ya nyuma yangu kwa Wajerumani waliokuwa wamekaa pale.

Mtego mkubwa zaidi ni samaki wa kupimwa. Bei iliyoandikwa mara nyingi ni ya gramu 100, na samaki anayeletwa kuonyeshwa mezani ni wa kilo moja na zaidi. Mwaka 2018 wanafunzi wanne wa Kijapani walipewa bili ya zaidi ya euro 1,100 karibu na uwanja wa Mtakatifu Marko, Venice, Italia, kwa nyama ya kuchoma, samaki wa kukaanga na maji, habari ikazunguka dunia nzima. Wewe omba samaki apimwe mbele yako, na bei itamkwe kabla hajaingia jikoni. Mwenye mgahawa wa kweli hakasiriki kwa hilo. Maji pia: Ufaransa jagi la maji ya bomba ni bure, na Hispania sheria ya 2022 inaulazimisha mgahawa ukupe ukiomba. Omba.

Najua wapo wanaokimbilia vitambaa vyeupe kwa kuogopa tumbo. Woga huo nauheshimu, lakini kitambaa hakiui vijidudu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5. Sasa fikiria: ni wapi kitakaa muda mrefu, kwenye kibanda kinachomaliza sufuria tatu mchana, au kwenye meza ndefu ya hoteli ambako kuku amelala toka saa tano akisubiri basi la watalii? Mimi nachagua kinachotoka motoni nikiona, na saladi mbichi naiacha pale nisipoyaamini maji.

Siwaambii msikae kabisa penye mandhari. Venice, kwenye uwanja uleule wa Mtakatifu Marko, kuna mkahawa wa Caffè Florian, uliofunguliwa tangu 1720, na bendi ikipiga pale uwanjani unalipia muziki juu ya kinywaji chako. Mtu akiamua kulipia ule muziki, na kiti, na njiwa, ni haki yake, mimi mwenyewe naona inafaa mara moja maishani. Ila agiza kahawa. Kahawa wanaijua. Chakula nenda kale mtaa wa nyuma.

Na ukishakaa pabaya, menyu imefunguliwa na roho imekataa, simama. Kabla hujaagiza huna deni na mtu. Sema samahani, tumebadili mawazo, toka. Watu wazima wanaona haya kufanya hivi, wanakaa saa nzima wakila kwa hasira, halafu wanaacha bakshishi. Kama mvua inanyesha au hakuna pengine, agiza kitu kisicho na mahali pa kuficha makosa: mayai, viazi vya kukaanga, samaki mzima wa kuchoma badala ya minofu iliyofunikwa na mchuzi.

Kuna visiwa vidogo na vijiji vya ufukweni ambako kila mgahawa ni wa watalii, hata utembee vipi. Huko siendi kutafuta lulu. Naingia duka la vyakula wanakonunua wahudumu wa hoteli wakitoka kazini, nachukua mkate, nyanya, kopo la dagaa, limau na chumvi, naomba kisu mapokezi.