Ana mabawa, kwa nini asivuke ziwa?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Toleo lililopita mligusia tu yule ndege mdogo wa msituni aitwaye reni, kule Panama, mkasema alitoweka kisiwa cha Barro Colorado ingawa msitu wake unalindwa na ng'ambo ya maji wenzake wapo tele. Sasa ndege ana mabawa, imekuwaje asirudi mwenyewe? Na huku kwetu Usambara yupo? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Asante sana ndugu yetu. La pili kwanza maana ni fupi: hayupo, huyu reni wa kifua cheupe ni wa Amerika, anaanzia Meksiko anashuka mpaka Peru na Suriname.

Ni mdogo kweli, sentimita 11 hivi na gramu kama 16, mgongo wa kahawia, kifua cheupe pee, mashavu yana michirizi myeusi na myeupe, na kamkia kafupi kamesimama juu. Maisha yake yote yako chini, anapekua majani makavu na vichaka akitafuta wadudu, wawili wawili au na watoto wao. Hata kiota cha kutagia anakiweka chini, cha mviringo, kina paa na mlango wa pembeni, kimefichwa na majani makavu huwezi kukiona, ndani mayai mawili meupe, jike peke yake ndo anaatamia kama wiki mbili. Halafu kuna kiota kingine juu kidogo, hicho cha kulala tu!

Sasa Barro Colorado zamani ilikuwa kilima, walipozuia mto Chagres kwa ajili ya Mfereji wa Panama maji ya ziwa Gatún yakakizunguka, na mwaka 1923 ikawa hifadhi. Ndege wa chini wakibaki wachache mahali kama hapo, nyoka wakila mayai msimu mmoja miwili, wanahitaji wengine waje kuziba pengo, na hao hawaji. Mabawa yake ni mafupi ya mviringo, yanafaa kuruka kichaka hadi kichaka, siyo kukata sehemu ya wazi kwa mwendo mrefu. Watafiti walipima hili hapohapo Gatún, wakawapeleka ndege wa msituni kwa boti wakawaachia juu ya maji, matokeo yakatoka 2008: wapo waliofika bila shida, na wapo walioshindwa hata mita 100. Yaani mita mia tu!

Na ndo maana swali lako la Usambara limenigusa. Reni hatuna, ila ndege wetu wa chini ya msitu wana tabia ileile, na mtafiti William Newmark aliwachunguza Usambara Mashariki akachapisha 1991, akakuta vipande vya msitu vilivyo vidogo na vilivyo mbali na msitu mkubwa ndivyo vilivyopoteza aina nyingi zaidi, na huko katikati hamna ziwa, ni mashamba tu.